Jogoo wa Mtihani wa Uraia

Mtihani wangu wa kwanza wa chuo kikuu ulisimamiwa na mtu mwenye haki ya kunitukana. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nilimchagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikamfuata hadi kwake Mlali kumwomba, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mjanja kuliko mkoa mzima wa Morogoro.

Nilikuwa Kidato cha Tano. Shule yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizochipuka mjini miaka ya ubinafsishaji, wakati kila jengo lililokosa kazi lilikuwa likipakwa rangi na kutundikwa bango jipya. Jengo letu lilikuwa ghala la ushirika. Madarasa yalitenganishwa kwa plaiwudi, kwa hiyo aliyesoma historia alisoma na jiografia ya jirani, atake asitake, na mvua ikishuka juu ya bati mwalimu aliacha kusema akaandika ubaoni. Siku za joto kali pamba iliyoondoka zamani ilirudi puani. Tuliipenda shule ile kwa namna ya kuisema vibaya kutwa nzima na kuchukia mgeni akiisema.

Mwaka huo alipita kwetu mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, dada mrefu aliyekula embe bichi na chumvi kama mzaliwa wa Kingolwira. Alitufundisha Kiingereza muhula mmoja, akaondoka, na alipoondoka aliniachia somo. Kulikuwa na chuo kimoja huko kwao kilichofundisha historia na uraia kwa njia ya intaneti. Wanafunzi walikuwa wa sekondari, wa nchi yoyote, na aliyefaulu alihesabiwa kuwa amekwisha kulisoma somo hilo chuo kikuu. Akaniandikisha. Nilimuuliza kwa nini mimi, akasema ni kwa sababu ninashiriki vizuri darasani. Mwalimu wetu wa historia, ambaye alikuwa akikuita kushiriki huko utovu wa adabu, alisikia akatikisa kichwa.

Basi nikawa mwanafunzi wa chuo kikuu kabla sijajua kushika mausi.

Intaneti ilipatikana dukani kwa mama mmoja karibu na soko. Zamani alikuwa karani wa benki. Benki ilipopunguza watu naye akapunguzwa, na badala ya kufungua duka la vitenge kama wenzake, akanunua kompyuta. Alizifunika kwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebuleni, na kabla hujakaa ilibidi ukikunje kitambaa vizuri na kukiweka pembeni, la sivyo alikurudisha mlangoni uanze upya. Ukurasa ulifunguka taratibu kutoka juu kwenda chini. Ungeweza kusoma kichwa cha habari, ukatoka, ukanunua kachori, ukala, ukanawa, ukarudi na kukuta aya ya kwanza ndiyo inaingia. Umeme ukikatika tulibaki tumekaa vile vile tukitazama vioo vyeusi, kila mtu akiona uso wake mwenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujitambulisha kwa wanafunzi wenzangu, waliotawanyika sehemu mbalimbali za dunia. Niliandika kama nilivyolelewa. Niliwasalimu. Niliwauliza hali zao, wazazi wao wanaendeleaje, nyumbani wote ni wazima, na je, mvua kwao zimeshaanza. Nilieleza kwamba sisi hatujambo ila kabichi zina funza. Ukurasa wa pili ndipo nikataja jina langu na shule. Kisha nikaenda kusoma za wenzangu, nikakuta kila mmoja ameandika mstari mmoja. Huyu anapenda mpira wa kikapu. Yule ana mbwa. Hakuna aliyenijibu habari za wazazi wake isipokuwa mmoja, na huyo aliandika baada ya siku kadhaa kuniuliza nani aliniambia kwamba bibi yake anaumwa, maana kweli alikuwa anaumwa.

Shida haikuwa hiyo, hata hivyo. Shida ilikuwa swali moja ambalo mwalimu wa mtandaoni alilibandika mwisho wa kila kazi: Wewe unafikiri nini? Sijawahi kumwona mwalimu yule, na alisaini kwa jina lake la kwanza tu kama mtoto. Sisi shule ya msingi tulisoma Siasa, somo lililokuwa na majibu yake. Uliambiwa taja, ukataja. Vyama vingi vilipoingia, Siasa ikawa Uraia, jalada likabadilishwa, na ukiambiwa taja bado ulitaja. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi, mtoto wa mkulima wa kabichi, nafikiri nini kuhusu serikali. Nilikaa mbele ya swali lile hadi mama wa intaneti akaja kuangalia kama kompyuta imekwama. Nikaandika nilichokariri, kwa Kiingereza safi. Mwalimu akanirudishia na alama za kusikitisha na maneno haya: Humu nawasikia watu wengi wakisema, lakini wewe sikusikii.

Niliondoka na hasira mpaka sokoni. Mbishi wa shule nzima naambiwa sisikiki.

Sasa nimlete mjomba, kwa sababu bila yeye somo hili lingekuwa mchezo tu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba yangu alikuwa mtu mwema, alisikilizwa kwa heshima, akapewa paja la kuku, lakini jambo zito liliamuliwa na kaka yake mama. Mama mwenyewe alikuwa milimani na bustani zake, mimi nikaishi mjini kwa mjomba. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, mtu aliyejulikana kwa kufika kabla ya king'ora. Kisha kiwanda kikauzwa. Mwekezaji alikuja, akapiga picha, akabadilisha makufuli. Mjomba aliendelea kuamka mapema miezi mingi baada ya hapo, akavaa, akanywa chai, akakaa kwenye ngazi akitazama barabara.

Tangu wakati huo hakuamini kitu chochote kipya. Shule ya plaiwudi hakuiamini. Intaneti aliiona kuwa utapeli wenye umeme. Alikuwa ameninunulia cherehani, imekaa sebuleni imefunikwa khanga, na alikwisha kuzungumza na masista wa misheni kule juu wanipokee kwenye chuo chao cha ushonaji.

"Cherehani haiuzwi kwa mwekezaji," aliniambia. "Ukiwa nayo, hakuna mtu atakayekufungia geti."

"Mjomba, mimi hata leso siwezi kupinda."

"Ndiyo maana unakwenda kufundishwa."

Tulibishana wiki nzima, na kubishana na mjomba kwetu maana yake ni kunyamaza kwa namna inayosikika. Mwishowe tukaafikiana. Nikifaulu somo la mashine, atanilipia hadi nimalize Kidato cha Sita na hataniuliza tena. Nikifeli, naaga plaiwudi, napanda kwa masista. Aliongeza sharti kwamba matokeo atayasikia kwa mtu, si kwa karatasi, maana kompyuta inachapisha lolote unaloiambia.

Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilitaka kubaki kwenye lile ghala, na joto lake na jiografia yake ya bure, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Karibu na mwisho wa somo mwalimu alituandikia habari za mtihani. Ungefanywa kwa kalamu na karatasi, mbele ya msimamizi. Msimamizi awe mwalimu, asiwe wa shule yangu, na asiwe ndugu yangu wa damu wala wa ndoa. Atatumiwa maswali, atayatunza, na baada ya mtihani ataandika taarifa ya yote yaliyotokea. Majibu na taarifa virushwe siku hiyo hiyo.

Ilionekana kazi ndogo hadi nilipoanza kutafuta. Mwalimu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa amemuoa binamu ya mama. Wa pili alikuwa wa ukoo wa baba. Wa tatu sikuwa na undugu naye wowote, nikaenda kwake kwa furaha, tukakaa, tukaulizana habari za milimani, na kabla chai haijapoa ikabainika kwamba bibi yake na bibi yangu walizaliwa nyumba moja. Alifurahi sana. Mimi nilitamani kulia. Nikamwendea padri, maana aliwahi kufundisha seminari, na mama, aliposhuka mjini, akaniuliza nimesahau vipi kwamba padri yule ni mtoto wa mama yake mkubwa. Mama wa intaneti hakuwa ndugu, yeye ni mtu wa Kilimanjaro, lakini hakuwahi kushika chaki.

Ndipo nikapata wazo. Kule kwetu watu ni wa aina mbili, ndugu na watani. Mtani ni mtu ambaye imethibitishwa, vizazi na vizazi, kwamba si ndugu yako. Na katika ukoo wa watani wetu alikuwepo mwalimu mstaafu wa historia, mzee wa Mlali. Nilijipongeza kwa chapati mbili.

Msomaji hahitaji kuelezwa utani, ila wa koo za kwetu una meno. Bibi yangu alipofariki, mzee huyu huyu alisimama ukingoni mwa kaburi, waombolezaji wakiwa wamejaa, akatangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa ugali, kwa hiyo azikwe na mwiko wake asije akarudi kuufuata. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka hadi wakashikana wasianguke. Mjomba, aliyekuwa amefiwa na mama yake, alicheka. Mtani akikusema hukasiriki. Akikamata kitu chako hukigombanii, unakikomboa. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Nilichosahau kujiuliza ni kama utani huwa unakwenda likizo siku ya mtihani.

Nilipokwenda kumwomba nilimkuta kwenye kitalu chake cha nyanya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Mimi sipokei shikamoo za wezi wa viazi. Kaa."

Nikakaa, nikaeleza, akakubali bila masharti. Mama wa intaneti akamfungulia anwani ya barua pepe. Nyumbani nilimweleza mjomba, naye akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kiwanda kifungwe.

"Umempata msimamizi," akasema. "Nitakusindikiza."

Asubuhi ya mtihani tulipanda pikapu ya mboga iliyokuwa inarudi na matenga matupu. Mzee alitungoja barazani. Alikuwa amevaa koti la suti, tai, na kandambili. Juu ya meza palikuwa na bahasha iliyofungwa na saa ya mezani. Nilipanga kalamu zangu, nikavuta pumzi, naye akanyoosha mkono akazichukua zote, akazitia mfukoni mwa koti.

"Kalamu hizi zimekamatwa," akasema.

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Hakuzitoa. Akavuta kiti, akaanza kusimulia historia ya ukoo wetu, kwa sababu, alisema, si ndiyo mtihani wenyewe wa historia. Alieleza jinsi babu zetu walivyoshuka mlimani, si kwa vita wala kwa njaa, bali kwa kufuata harufu ya chungu cha jirani. Walifika, wakala, wakajisahau kuondoka, na ndiyo asili ya kijiji chetu. Majirani walianza kusogea na vigoda vyao. Mimi nilikuwa naiangalia saa. Duka la intaneti lilikuwa na muda wake wa kufunga, na pikapu za kurudi mjini hazikuwa na ratiba.

"Jibu basi," mzee akaniambia. "Au ukoo wenu umekatwa ulimi?"

Nilikuwa na mambo ya kumjibu. Ukoo wao una aibu zake, na nyingine ninazijua hadi leo. Lakini nilikuwa nahesabu dakika. Nilimtazama mjomba anisaidie. Alikuwa amekaa mkekani anamenya chungwa, amestarehe.

Mzee aliona, akamgeukia yeye.

"Na wewe, mkubwa wa zamu. Nasikia kiwanda kiliuzwa, mashine zikauzwa, hata vyuma chakavu vikapata mnunuzi. Wewe ukabaki."

Watu wakacheka. Mjomba akacheka, kama inavyopaswa.

"Ndiyo maana umemnunulia mtoto cherehani," mzee akaendelea. "Umefungiwa geti, sasa unataka na huyu asiingie popote, ili mkae nje wawili, upate wa kuzungumza naye."

Watu wakacheka zaidi. Mjomba alifungua mdomo. Sote tulingoja, maana alikuwa hodari wa utani, na kwenye misiba watu walisogea karibu kumsikiliza. Hakuna kilichotoka. Chungwa lilikuwa mkononi mwake, nusu limemenywa. Kisha akasimama, akajipangusa suruali, akaenda nyumba ya jirani, na baada ya kitambo akarudi ameshika jogoo mwekundu kwa mbawa. Akamkabidhi mtani.

Mzee alimpokea kwa mikono miwili. Akamtazama mjomba kidogo, akatoa kalamu mfukoni, akazirudisha mezani moja moja. Nilimshukuru mjomba kwa macho. Nilijua kalamu zangu zimekombolewa, na kila mtu pale barazani alijua hivyo.

Kisha mzee akaiangalia saa na utani ukaisha. Sijapata kuona mwalimu mkali namna ile. Aliwafukuza watazamaji. Naye mjomba akafukuzwa hadi kwenye kitalu cha nyanya. Jogoo alifungwa kwenye nguzo ya baraza kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na aliwika mtihani mzima bila kukaripiwa. Mimi nilipoinua kichwa kufikiri niliambiwa macho kwenye karatasi, ingawa hapakuwa na wa kumwibia majibu isipokuwa yule jogoo.

Maswali mengine yalikuwa ya kawaida. La mwisho, lenye alama nyingi, lilitaka nieleze chombo kimoja katika jamii yangu kinachowazuia wenye madaraka kufanya wapendavyo, kama kinafanya kazi, na mimi nafikiri nini. Nilikuwa nimejiandaa. Bunge, mahakama, serikali, nilikuwa nazo zote kichwani na koma zake. Niliandika nusu ukurasa, nikausoma, nikaona kweli humo ndani wapo watu wengi na mimi sipo. Nikaufuta kwa mstari. Nikaandika kuhusu utani. Niliandika kwamba kwetu yuko mtu ambaye kazi yake ni kumwambia mkubwa kile ambacho watu wa nyumbani kwake hawathubutu, na mkubwa hana ruhusa ya kukasirika. Nikaandika kwamba chombo hicho kinafanya kazi, lakini kinawafikia tu watu wanaojuana. Mwekezaji hana mtani. Hapo ndipo nilipoandika ninachofikiri, bila woga tena. Nilifurahi.

Nilipomaliza, mzee alifunga majibu kwenye bahasha, akaketi kuandika taarifa yake. Aliandika kwa mwandiko wa zamani wa kulala, ukurasa ukajaa, akageuza. Tulifika mjini duka likiwa bado wazi. Mama wa intaneti akarusha kila kitu, na mimi nikalala usingizi mzito kama mtu aliyelima.

Wiki iliyofuata nilipata ujumbe wa mwalimu wa mtandaoni. Ulikuwa wa adabu kupita kiasi, na nikajua kuna jambo. Taarifa ya msimamizi, aliandika, inasema kwamba kabla ya mtihani msimamizi alimtukana mtahiniwa na mlezi wake, akamnyang'anya vifaa vya kuandikia, na akavirudisha baada ya kupokea kutoka kwa mlezi jogoo mmoja aliye hai. Chuo kilikuwa na jina la jambo la aina hii. Mtihani wangu umesimamishwa. Wangepiga simu dukani siku fulani wazungumze na mlezi wangu, na mkalimani asiwe mimi.

Nilipanda pikapu hadi Mlali nikiwa nafuka moshi.

"Mwalimu, kwa nini uliandika?"

"Walisema niandike yote yaliyotokea. Ulitaka niandike nusu?"

"Lakini jogoo, mwalimu."

"Jogoo alitokea," akasema.

Alikuwa amefundisha historia maisha yake yote na hakuona sababu ya kuanza kuipunguza kwa ajili yangu. Alinipa nyanya za kubeba, akaniambia ukoo wetu tumezoea kubebeshwa.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kumwambia mjomba. Maana sasa kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angeweza kuumwa siku ya simu. Angeweza kusema ndiyo, nilitoa jogoo mtoto wangu apewe kalamu, na huko Marekani wangesikia hongo, na mimi ningekuwa njiani kwa masista kabla ya mwezi kuandama. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Simu ni saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akaendelea kula.

Siku ya simu alivaa shati la kanisani. Alikunja kitambaa cha kufuma kabla hajaambiwa, akakaa, mikono juu ya magoti. Mama wa intaneti aliiweka simu katikati ya meza na kubonyeza sauti itoke nje, ili asionekane anaficha kitu. Wateja waliokuwa ndani waliacha kusoma, ila vidole viliendelea kugusa vitufe kwa heshima. Mimi niliambiwa nikae kwenye benchi karibu na mlango na nisitie neno.

Sauti ya mwalimu ilikuwa ya mama mtu mzima, ya upole, na kidogo imechoka. Alianza kwa kuomba aelezwe utani ni nini. Mama wa intaneti alijaribu. Alisema ni urafiki wa kutukanana. Akasema ni urafiki ambao mababu walikupangia, na yule rafiki ndiye anayekuzika. Mwalimu akasema ameandika hayo, na sasa angependa kumuuliza mlezi.

"Anauliza kama ni wewe uliyetoa jogoo," mama wa intaneti akasema.

"Ni mimi."

"Anauliza ulimtoa ili binti arudishiwe kalamu?"

Nilimwona mjomba anatazama simu kama alivyokuwa anatazama ile barabara asubuhi, akiwa kwenye ngazi.

"Hapana," akasema. "Kalamu ningezikomboa kwa chungwa. Ni mtani, angepokea hata ganda. Mwambie jogoo hakuwa wa kalamu."

Mama wa intaneti akatafsiri.

"Anauliza alikuwa wa nini."

"Mwambie mtani aliniambia kwamba namtoa mtoto shule kwa sababu mimi nilitolewa kiwandani. Alilisema mbele ya watu. Kwetu mtani akikusema unamrudishia, na mimi tangu ujana sijawahi kukosa la kumrudishia. Siku hiyo nilitafuta nikakosa. Na kwa watu wazima, ukikosa la kumjibu mtani, umekubali alilosema, na ukikubali unatoa jogoo."

Vidole vyote dukani vilikuwa vimesimama. Mama wa intaneti, karani wa benki aliyepunguzwa, hakutafsiri. Alikuwa anamtazama mjomba.

"Tafsiri, mama," mjomba akamwambia taratibu. "Anangoja."

Akatafsiri. Kisha mwalimu akauliza jambo moja tu, kama mtahiniwa alilijua hili wakati anafanya mtihani.

"Hakulijua," mjomba akasema. "Ndiyo kwanza analisikia."

Mwalimu alishukuru. Akasema karatasi itasahihishwa kama nyingine, na majibu yatachukua muda, na akaaga kwa kuuliza habari za nyumbani, kama nilivyokuwa nimemfundisha mwenyewe bila kujua.

Tulitoka. Jua lilikuwa kali, na sokoni watu walikuwa wanashusha kabichi. Nilitembea nyuma ya mjomba hatua kadhaa kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione, na yeye alitembea haraka, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. Penye kivuli cha duka la mbegu alisimama bila kugeuka.

"Jumatatu uende shule," akasema.

"Matokeo bado, mjomba."

"Nimesikia kwamba bado. Nimekwambia Jumatatu."